Usiguse Kama Hujui

Ukurasa wenyewe unaanza kwa vitisho. Umeingia kwenye ruta iliyoko sebuleni kwako, inayokula umeme wa luku yako, juu ya meza uliyoilipia wewe, na neno la kwanza inalokwambia ni kwamba mipangilio hii ya kina ni ya wataalamu: usibadilishe chochote kama hujui unachofanya. Sawa, nimesikia. Lakini kama hutaki niguse, hivyo visanduku vya kujaza umemwekea nani? Transfoma ya mtaani kwetu nayo imechorwa fuvu na mifupa miwili, ila angalau hawakuniachia ufunguo wake. Ruta inakuonya huku inakufungulia mlango.

Mimi peke yangu nisingefika huko. Mtandao wetu hapa Tabata ulikuwa wa kusuasua kwa kiwango cha kuvumilika: video inasimama, inajifikiria, inaendelea. Watu wa rika langu tuliwahi kupanga foleni posta ili kupiga simu ya kwenda Bukoba, kwa hiyo kusubiri picha ifunguke hakunikoseshi usingizi. Lakini penye mtandao wa kusuasua hapakosi shemeji. Wa kwetu ni mdogo wake mama watoto, kijana mchangamfu, mwenye heshima, ambaye zamani aliwahi kuifufua printa ya mtu fulani huko Mwenge, na tangu siku hiyo ukoo mzima umemthibitisha kuwa mtaalamu wa kila kitu chenye taa ndogo inayowaka na kuzima.

"Shem," akaniuliza, akiwa bado hajavua viatu, "mpo chaneli ya ngapi?"

Nikamwambia tuna king'amuzi, chaneli ziko nyingi. Akacheka kwa upole, akaomba laptopu.

Kuingia ndani ya ruta kunahitaji anwani. Mwaka 2022 Serikali ilipita kila mtaa kwenye ile operesheni ya anwani za makazi, na namba ya nyumba yangu ipo, ingawa bodaboda akipiga simu bado anauliza ni jirani na nini. Ruta ina anwani yake tofauti: 192.168.1.1, na nyingine zinatumia 192.168.0.1. Februari 1996 wahandisi wa intaneti waliorodhesha mafungu ya namba ambazo mtu yeyote duniani anaweza kuzitumia ndani kwake bila kuomba ruhusa, mradi zisitoke nje ya mlango. Ndiyo maana anwani ya ruta yangu ni hiyohiyo ya kinyozi wa pale njia panda, ya nyumba ya wageni Arusha na ya mtu nisiyemjua huko Brazil. Nikiliwaza jambo hilo napata kizunguzungu. Shemeji hapati. Aliiandika bila kutazama vidole.

Ruta ikauliza jina na nywila. Jina: admin. Nywila: admin. Ikafunguka.

Hapo nakiri shemeji alishtuka kwa haki. Mwaka 2016 programu haribifu iliyoitwa Mirai ilizunguka duniani na orodha fupi ya majina na nywila za kiwandani, hiyo admin kwa admin ikiwamo, ikazikamata kamera na ruta za watu kwa maelfu mengi. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo zikatumika kuishambulia kampuni ya Dyn, na watu wengi Marekani wakashindwa kufungua Twitter na Netflix. Kwa hiyo yule mzee wa Marekani aliyekosa filamu yake siku ile huenda alikwamishwa na kamera ya geti ya mtu mvivu upande wa pili wa dunia. Nywila ya kiwandani ibadilishwe siku ileile ruta inapotoka kwenye boksi. Huo ni ushauri wa shemeji ambao sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni nywila aliyoiweka. Ilikuwa na nyota, alama ya reli na herufi kubwa katikati ya neno, na aliondoka nayo kichwani kwenda Mbagala.

Basi tukafika kwenye ukurasa wa kina. Kwanza lugha: kuna Kiingereza, Kichina, Kirusi, Kituruki. Kiswahili hakuna. Shemeji akasema yeye atatafsiri, na tafsiri yake ya kila mstari ilikuwa "hii ni ya kuongeza spidi".

Nilivuta kiti nikaangalia. Muda wa bikoni: 100. Kizingiti cha RTS: 2347. Kizingiti cha kukata vipande: 2346. DTIM: 1. Priambo: ndefu au fupi, chagua. Kando ya kila kimoja kuna kisanduku cheupe kinachosubiri maoni ya mimi baba mwenye nyumba, mhasibu kwa taaluma.

Nimejitahidi kuelewa, msidhani nalalamika kwa uvivu. Bikoni ni salamu ambayo ruta inairusha hewani ili simu zijue ipo: mimi ni fulani, nipo hapa. Hiyo 100 haihesabiwi kwa milisekunde bali kwa kipimo chao chenye mikrosekunde 1,024, kwa hiyo salamu inatoka kila baada ya milisekunde 102.4. Karibu mara kumi kwa sekunde, usiku na mchana, hata tukiwa msibani Moshi na nyumba imefungwa kwa kufuli. Sasa unaniuliza mimi kama ningependa zipungue. Nimesalimiwa mara kumi kwa sekunde miaka yote hii na sijawahi kuitikia hata moja. Nina haki gani ya kuwa na maoni?

Hicho cha RTS ndicho kilichonimaliza. Ni utaratibu wa kifaa kuomba ruhusa kabla ya kurusha ujumbe mkubwa, ili visigongane hewani. Kizingiti ni ukubwa ambao ujumbe ukiuvuka, lazima uombe. Na 2347 imewekwa juu ya ukubwa wa ujumbe wa kawaida, maana yake utaratibu umezimwa. Tafakari hapo. Wametengeneza kisanduku, wakakitia namba, na namba yenyewe imechaguliwa ili kisanduku kisifanye kazi. Kazini kwetu kuna ofisi ya namna hiyo lakini sitaitaja.

"Tuipunguze kidogo," akasema shemeji, "tuone."

"Tuone nini?"

"Tuone tu, shem."

Kinachoniudhi ni kwamba ruta inajua. Inaisikia hewa yote ya mtaa, inajua simu zilizomo ndani ni ngapi, ipi iko mbali, ipi inarudiarudia ujumbe kwa sababu haujafika. Mimi nilichonacho ni kochi. Mwenye habari zote anamgeukia asiye na habari yoyote na kumwuliza, "Tufanyeje, mzee?" Na mzee, kwa kuwa ameitwa mzee, hawezi kusema hajui.

Tukaja kwenye chaneli. Shemeji akafungua kwenye simu programu ya kupima mawimbi, na kwa mara ya kwanza nikawaona majirani zangu jinsi walivyo. Mmoja mtandao wake unaitwa Nunua Bando Lako. Mwingine, Mama Kasema Hapana. Kuna Usigonge Geti, na kuna mmoja anaitwa Kodi Lini, ambaye nadhani ni baba mwenye nyumba wa ghorofa la pili akiwapelekea wapangaji ujumbe. Mitandao yote hiyo imebanana kwenye masafa ya gigahezi 2.4, ambako nchi nyingi zina chaneli 13, lakini msidanganyike na hesabu hiyo. Chaneli zimeachana megahezi 5 tu, wakati mtandao mmoja unahitaji upana wa kama megahezi 20. Ukipanga kwa ustaarabu zinatosha tatu zisizogusana: 1, 6 na 11. Wakikutana wawili kwenye chaneli moja si vita, kwa sababu vifaa vinasikilizana na kupokezana zamu. Shida ni yule anayekaa kwenye 3. Anagusa 1, anagusa 6, na wote wawili hawamsikii kwa maneno, wanamsikia kwa kelele. Ni kama abiria wa daladala anayekaa katikati ya siti mbili, amepanua magoti, halafu anatazama dirishani.

Aliyekuwa kwenye 3 ni Mama Kasema Hapana.

Shemeji alipendekeza twende tukamwone tumweleze. Fikiria mwenyewe: jioni, umevaa kanzu, unagonga geti la jirani ambaye hujawahi kumsalimia vizuri tangu ule ugomvi wa maji ya mvua, ili kumwambia ahame kutoka kwenye 3. Nikasema hapana. Basi shemeji akalipiza kisasi kwa kupanua chaneli yetu kutoka megahezi 20 hadi 40, "ili tuwe na barabara pana". Huko kwenye 2.4, mtandao wa megahezi 40 unakula karibu nusu ya masafa yote. Kwa siku kadhaa sisi ndio tuliokuwa kero ya mtaa, na mtandao wetu wenyewe haukwenda haraka, kwa sababu barabara pana inayopita katikati ya mitandao ya watu wote inapokea kelele za watu wote. Ongeza na maikrowevu, ambazo nazo zinafanya kazi kwenye gigahezi 2.45. Jirani akipasha wali, mimi napoteza taarifa ya habari.

Kuna kisanduku cha nchi. Kilikuwa Tanzania. Shemeji akasema Marekani wanaruhusu nguvu zaidi, akatuhamishia huko bila viza wala mahojiano. Masafa kwetu yana msimamizi wake, TCRA, na mwananchi hatakiwi kujichagulia sheria za nchi aipendayo. Lakini hata ukiacha sheria, faida iliyotufikia ilikuwa moja: ukichagua Marekani, orodha ya chaneli inaishia 11. Tulihamia nchi tajiri tukapokonywa chaneli mbili.

Kwenye gigahezi 5, ambako kuna nafasi zaidi, nilidhani tutapumzika. Huko kuna rada. Sehemu ya masafa hayo inatumiwa pia na rada, zikiwamo za hali ya hewa, kwa hiyo ruta ikitaka kuingia kwenye chaneli hizo inatakiwa kwanza ikae kimya isikilize, angalau dakika nzima. Na ikishaingia, ikihisi rada, iondoke mara moja. Utaratibu mzuri sana, ndege zitue salama. Ila shemeji alituweka hukohuko kwa sababu "hakuna watu", na hakujiuliza kwa nini hakuna watu. Kila ruta ilipohisi kitu kinachofanana na rada, ilihama, na nyumba ikakaa bila waifai huku watoto wakinitazama mimi. Sijui hata kama ilikuwa rada kweli. Ruta haitakiwi kuwa na uhakika, inatakiwa kuwa na woga.

Nguvu ya kurusha mawimbi ina ngazi: chini, kati, juu. Sijawahi kusikia mwanamume aliyeiweka chini. Shemeji akaweka juu, na kweli chumbani vijiti vya simu vikajaa vyote. Ukurasa ukagoma kufunguka. Nilimwita aje aone maajabu haya. Mazungumzo yana pande mbili, na simu ina antena ndogo na betri ya kuhurumia. Inaisikia ruta vizuri kabisa, lakini ikijibu, jibu haliwahi kufika sebuleni. Ruta inaendelea kupiga kelele, simu inaendelea kunong'ona, na mimi katikati nimeshika vijiti vinne vya uongo.

Tatizo lenyewe kila mtu nyumbani alikuwa analijua. Fundi wa kampuni alipoleta faiba aliiacha ruta pale waya ulipomwishia, yaani nyuma ya televisheni, kwenye kona inayopakana na choo cha jirani. Anayefaidi mtandao wangu kuliko wote ni choo cha jirani. Kutoka pale hadi chumbani kuna kuta mbili za tofali na nguzo ya zege yenye nondo, na mawimbi ya gigahezi 5 yanapita ukutani kwa tabu kuliko ya 2.4. Juu ya ruta mama watoto ameweka kitambaa cha kufuma, kwa sababu nyumbani kwetu hakuna kitu chenye kichwa bapa kinachoachwa bila kuvikwa: redio imevikwa, friji limevikwa, stuli imevikwa. Juu ya kitambaa kuna chombo chenye maua ya plastiki. Kitambaa hakizuii mawimbi, kinazuia joto kutoka, na ruta inachemka humo ndani mpaka inazimia. Nilipopendekeza tukitoe, niliulizwa kama na hicho nacho kimo kwenye mipangilio ya kina.

Nikamwambia shemeji: tununue waya wa mita kumi, tuisogeze hadi koridoni, tumalize. Akanitazama kwa masikitiko. "Shem, hayo ni mambo ya kizamani. Siku hizi kila kitu ni mipangilio." Namwelewa. Kusogeza meza hakumpi mtu heshima. Houseboy anasogeza meza. Mtu aliyesafiri kutoka Mbagala kwa mabasi mawili hawezi kumaliza kazi kwa kusogeza meza.

Akahamia kwenye usalama, na huko ndiko tulikochafuana na ukoo.

Kwanza alilificha jina la mtandao, majirani wasilione. Ukilificha, aliye ndani ya mtaa na programu ya bure bado anaweza kukuona. Asiyekuona ni mgeni wako. Isitoshe, simu iliyozoea mtandao uliofichwa haiwezi kusubiri kuitwa, inabidi iite yenyewe. Kwa hiyo kila niendapo, simu yangu imo mfukoni ikitangaza hewani jina la waifai ya nyumbani: Kariakoo inaliita, kwenye foleni ya benki inaliita, msikitini inaliita. Tumelificha jina nyumbani, tunalitembeza mjini.

Kisha akawasha orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa. Kila kifaa kina namba yake ya MAC, herufi na tarakimu 12, na asiyekuwa kwenye orodha haingii. Wiki hiyohiyo mama mkwe akaja kutoka Korogwe.

"Baba, mbona simu yangu haishiki hapa kwenu?"

"Shikamoo mama. Inabidi kwanza tuiandikishe."

"Tuiandikishe wapi?"

"Kwenye ruta, mama."

Akanyamaza kidogo. "Nimekuja kwa mwanangu, naandikishwa."

Tukampigia shemeji, akatuelekeza tufungue sehemu ya kuhusu simu, tuisome namba, tuijaze. Tukaisoma, tukaijaza, ikakataa. Simu za siku hizi, kuanzia Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, zimejifunza kuficha utambulisho: zinaupa kila mtandao namba ya kubuni, wakati namba halisi imebaki kwenye ukurasa wa kuhusu simu. Ni jambo jema, linazuia maduka na viwanja vya ndege kukufuatilia. Lakini jaribu kumweleza mama mkwe kwamba simu yake imetoa jina la uongo mlangoni na ndiyo maana imekataliwa. Alikaa sebuleni kwetu akitumia bando lake mwenyewe, na kila aliyempigia aliambiwa.

Na wakati huo wote, nyuma ya ruta kuna kitufe cha WPS. Mtu akikibonyeza, simu yake inaweza kuingia bila nywila, na marafiki wa mwanangu walishakijua kabla shemeji hajafika. WPS ina pia namba ya siri ya tarakimu 8. Desemba 2011 mtafiti Stefan Viehböck alionyesha kwamba ruta inaihakiki kwa nusu mbili, na tarakimu ya mwisho ni ya kuhakikishia nyingine, kwa hiyo badala ya mamilioni ya majaribio, mwizi anahitaji yasiyozidi 11,000. Nilimwuliza shemeji kwa nini hakuizima. Akasema hiyo iko kwenye ukurasa mwingine.

Mama watoto naye alikuwa na ombi: intaneti ya watoto ikatwe saa tatu usiku, irudi saa kumi na mbili asubuhi. Shemeji akajaza, 21:00 hadi 06:00, akapokea shukrani, akaenda zake. Ruta saa yake ilikuwa bado ya kiwandani, na kiwanda kiko China, saa tano mbele yetu. Saa tatu usiku ya Beijing ni saa kumi jioni ya Tabata. Kwa hiyo watoto wakirudi shule tu, mtandao unakatika. Walilia, wakanung'unika, kisha ghafla wakatulia, wakawa watoto wa mfano: wanakula, wanasali, wanalala mapema bila kusukumwa. Tuliwasifia mbele ya watu. Kumbe walishapiga hesabu. Saa kumi na mbili asubuhi ya Beijing ni saa saba usiku kwetu, na walikuwa wameweka kengele.

Na umeme ukikatika ni balaa jingine, kwa sababu ruta nyingi hazina betri ya kutunza saa. Zikiwaka zinaamini ni Januari 1970, mpaka zipate intaneti ziulize. Mimi mwaka huo nilikuwa bado kuzaliwa, lakini ruta yangu imeshaurudia mara nyingi.

Sehemu ya kupanga nani atangulie nilitaka tuiruke. Mama watoto ana mikutano ya kazini. Binti yuko chuo, anasoma kwa video. Wa kiume ana mchezo ambao akichelewa milisekunde chache anauawa, na akiuawa tunasikia nyumba nzima. Mimi nina Simba na Yanga. Ruta inataka namba: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ndoa yetu imedumu kwa sababu swali hilo halijawahi kuulizwa kwa maandishi. Shemeji akaliuliza, mezani, mbele ya watoto. Na mgao wenyewe hauzalishi kitu. Kifurushi chetu ni cha megabiti 20 kwa sekunde, ambazo ukizigawa kwa 8 kupata megabaiti unabaki na mbili na nusu, iwe umetangulia au umefuata.

Mengine niliyaacha yapite. DNS akaweka 8.8.8.8 ya Google na 1.1.1.1 ya Cloudflare, akasema sasa tutaruka. Kinachoharakishwa hapo ni kuitafuta anwani ya tovuti tu, ukishaipata mwendo ni uleule. Akafungua bandari za ruta ili niione kamera ya geti nikiwa safarini, na kamera haikuonekana, kwa sababu kampuni nyingi siku hizi hazimpi mteja anwani yake ya nje. Mnachangia moja na wateja wengine kibao, na ndani mnapewa namba za fungu linaloanzia 100.64, lililotengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyohiyo. Tulifungua mlango wa chumba ndani ya nyumba ambayo geti lake anashika mtu mwingine.

Kilele kilikuwa Jumapili, Mei 12, 2024. Nyaya mbili za chini ya bahari zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Intaneti ikazorota mji mzima. Watu walikuwa wanapigiana simu za kawaida kuulizana kama ni kwao tu. Shemeji alikuwa kwetu. Alikaa kwenye kochi, akakunja mikono ya shati, akafungua 192.168.1.1, akasoma kwa muda mrefu, akatikisa kichwa.

"Nimeliona tatizo," akasema. "Ni MTU."

Akaipunguza kutoka 1500 hadi 1492.

Waya umekatika chini ya Bahari ya Hindi, meli ya mafundi haijang'oa nanga, na Tabata kuna mtu anapunguza MTU. Mama watoto alimletea soda.

Kumbe hata ukurasa wenyewe wa kina haukuwa wa kina. Kampuni inayotuuzia intaneti ina ukurasa wake ulio chini zaidi, wenye nywila yake ambayo mteja hapewi, na ina njia ya kuingia kutoka mbali. Utaratibu unaitwa TR-069, ulichapishwa mwaka 2004, na unamwezesha mtoa huduma kusoma ruta yako, kuibadilisha na kuisasisha ukiwa umelala. Mimi nililipigia dawati lao la wateja nikilalamika kuhusu kasi, nikaulizwa kama nimejaribu kuzima na kuwasha, nikaahidiwa fundi. Fundi hakuja. Usiku mmoja ilikuja programu mpya. Asubuhi, jina la mtandao na nywila vilikuwa vilevile, lakini nilipoingia ndani nikakuta bikoni 100, RTS 2347, upana megahezi 20, chaneli jichagulie mwenyewe, nchi Tanzania, saa ya Dar es Salaam, orodha ya wanaoruhusiwa tupu. Kazi yote ya shemeji ilikuwa imefutwa. Sikumwambia mtu.

Mtandao ukawa na nafuu. Si sana, kitambaa bado kipo juu na choo cha jirani bado kinafaidi, lakini video inajifikiria kwa muda mfupi zaidi, na mama mkwe aliporudi simu yake ilishika akiwa bado getini.

Jumapili iliyofuata shemeji alikuja kula pilau. Akafungua mpira kwenye simu, ukacheza kipindi cha kwanza chote bila kusimama. Akaninyooshea.

"Unaona sasa, shem? Watu hawaelewi. Mipangilio inahitaji muda wa kutulia."

Nikamwambia kweli, imetulia. Akaosha mikono, akaaga, akasimama mlangoni jinsi wanavyosimama watu wanaohitaji nauli. Nikampa elfu kumi. Akaitazama, akasema kwa sauti ya chini kwamba hiyo ni bei ya gigahezi 2.4, ya gigahezi 5 huwa anachukua elfu ishirini, kwa sababu ya rada.

Kutoka jikoni mama watoto akapaza sauti nisimpunje mdogo wake.